Upinde Hukua na Mwenyewe: Namna Mvulana wa Kihadzabe Anavyokuwa Mwindaji

Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupata upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Anayemtengenezea ni baba, babu au kaka. Upinde wenyewe ni kijiti kilichopindwa na kufungwa uzi, na mshale ni kijiti kingine kilichochongwa ncha. Mgeni akiuona husema ni kichezeo, na hata sisi tunaohifadhi zana katika makumbusho ni rahisi kuuweka kwenye kabati la vichezeo tukaendelea na kazi nyingine. Hapo tutakuwa tumeukosea. Upinde huo ni zana kamili, ila umekatwa kwa kipimo cha mkono wa mwenye kuutumia, na utabadilika mara nyingi kabla mwenyewe hajawa mtu mzima.

Wahadzabe hawafiki watu 2,000. Wanaishi Bonde la Yaeda, Mangola, na ng'ambo ya ziwa kuelekea Meatu na Mkalama. Ni mia chache tu kati yao ambao bado hupata sehemu kubwa ya chakula porini: mizizi, matunda ya mbuyu, asali, matunda madogo ya vichaka, na nyama. Kwa kuwa wameandikwa sana na watafiti tangu miaka ya 1950, ni mojawapo ya jamii chache ambako tunaweza kumfuata mwindaji hatua kwa hatua, tangu upinde wa kijiti hadi mshale wa sumu.

Miaka ya mwanzo ni ya kulenga. Watoto hutembea makundi kwa makundi, wakubwa kwa wadogo, wakipiga mishale kwenye kibuyu kilichovunjika, tunda lililotundikwa au ndege aliyetua karibu. Hakuna mwalimu. Baba yupo kambini anachonga mishale yake, mtoto anatazama. Akikosea kushika, anayemrekebisha au kumcheka ni mwenzake aliyemzidi miaka miwili au mitatu. Wazazi wa mjini wakisikia kwamba mtoto wa miaka minne huachiwa kisu hushtuka, lakini kambini jambo hilo ni la kawaida, na asiyeshika kisu hatajua kuchonga.

Watoto hao hawachezi tu. Wanakula wanachokipata. Wanapasua matunda ya mbuyu, wanachuma matunda, wanachimba mizizi isiyo na kina kirefu, na ndege aliyedunguliwa huchomwa papo hapo kwenye moto waliouwasha wenyewe. Sehemu kubwa ya chakula chao cha siku huweza kutoka mikononi mwao. Si kila jamii ya wawindaji iko hivi. Huko Kalahari, watoto wa Ju/'hoansi walionekana kukaa kambini zaidi, na watafiti waliozilinganisha jamii hizi mbili walieleza tofauti hiyo kwa mazingira: Kalahari ni tambarare ambako mtoto hupotea upesi na maji yako mbali, ilhali Eyasi kuna vilima vya kujua uelekeo na chakula kiko jirani na kambi. Kwa hiyo utoto wa mwindaji huamuliwa na nchi anayoishi, pengine kuliko mila.

Wasichana nao hupitia njia inayofanana, zana yao ikiwa ni mti wa kuchimbia ulionolewa ncha na kukaushwa motoni. Nao huanza na mfupi.

Kati ya miaka minane na kumi na miwili hivi, mvulana huanza kujichongea mishale. Wakati huu anawinda kweli: kwale, kanga, pimbi, panya wa porini, na siku ya bahati, digidigi. Mishale yake ni ya mti mtupu, bila chembe, yaani ncha, ya chuma, na sababu ni ya kiuchumi. Mvulana wa umri huo hupoteza mishale ovyo. Anapiga juu ya mti, mshale unanasa, anapiga kichakani, hauonekani tena. Kumpa chuma ni kutupa chuma. Tena kwa ndege, ncha ya mti inatosha. Watu wazima pia hubeba mishale ya aina hiyo pamoja na ile ya chuma, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeharibu mshale wa thamani kwa kumpiga kwale.

Hapa niseme neno kwa wanaosoma habari za mambo ya kale. Tunapofukua mapango, tukapata ncha ndogo za mawe zisizochongwa vizuri, haraka tunasema ni kazi ya zama duni au ya fundi asiyejua. Pango la Mumba, palepale Eyasi, limetoa zana za mawe za makumi ya maelfu ya miaka. Mimi huona kwamba kila mahali palipokuwa na wawindaji palikuwa na watoto wao, na watoto hao walikuwa wakichonga vibaya kila siku.

Turudi kwenye upinde. Upinde wa mwanaume mzima wa Kihadzabe ni mkali kuuvuta. Mtafiti Frank Marlowe, aliyeanza kufanya kazi na Wahadzabe mwaka 1995, alipima nguvu inayohitajika na kupata wastani wa kilo 31 hivi, zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, nayo inavutwa kwa vidole na kushikiliwa huku jicho likilenga. Mvulana wa miaka kumi hawezi. Ndiyo maana upinde hubadilishwa kila misuli inapoongezeka: mti mnene zaidi, mrefu zaidi, mvuto mrefu zaidi. Nishati inayoingia kwenye mshale hutegemea mambo hayo mawili kwa pamoja, ukali wa upinde na urefu wa mvuto, kwa hiyo mvulana akiongeza kidogo kila upande, mshale wake hupata nguvu nyingi zaidi kuliko unavyodhania kwa kutazama.

Miti ya jamii ya mkole ni miongoni mwa inayotumika. Fimbo ya mshale, wano, hupashwa moto kisha hunyooshwa kwa mikono na meno. Ukimwona mzee amekaa chini ya mti ameng'ata kijiti na kukipinda taratibu, yuko kazini. Manyoya ya nyuma hutoka kwa ndege kama kanga na tai. Vyembe vya chuma siku hizi ni misumari iliyopondwa juu ya jiwe ikiwa baridi. Zamani zaidi chuma kilipatikana kwa kubadilishana na majirani kama Wadatoga. Upote, yaani kamba ya upinde, hutengenezwa kwa kano za mnyama mkubwa. Kwa hiyo kijana hawezi kuwa na upinde wa kiutu uzima kwa nguvu zake peke yake. Lazima kambi yake iwe imekula mnyama mkubwa, aliyeangushwa na mtu mwingine, akagawiwa kano.

Sumu huja mwisho, katika miaka ya baadaye ya ujana. Wahadzabe hutumia hasa mimea miwili. Mmoja wanauita panjube, ambao ni *Adenium obesum*; mwingine shanjo, wa jamii ya *Strophanthus*. Utomvu wa panjube huchemshwa muda mrefu mpaka uwe mweusi na mzito kama lami, kisha hupakwa chini ya chembe na kufungwa kwa ukanda wa ngozi, ili usikauke na usimchome mwenyewe. Sumu hizi hushambulia moyo. Mjini panjube ni ua maarufu, waridi la jangwani, linalouzwa kwenye vitalu vya maua na kupamba varanda. Ukiwa nalo nyumbani, usiwaachie watoto au mbuzi walichezee au walitafune, na nawa mikono baada ya kulikata.

Sumu inabadilisha maana ya kuwinda. Bila sumu, mshale lazima uue. Ukali wa upinde na shabaha ndiyo kila kitu. Ukiwa na sumu, mshale unatosha ukiingia kwenye damu. Mnyama hukimbia. Mwindaji hamkimbizi, kwa sababu mnyama anayefukuzwa huenda mbali. Anaangalia alikokwenda, anarudi kambini, anawaambia wenzake, na baada ya saa kadhaa au kesho yake wanatoka pamoja kufuata nyayo. Kuanzia hapo kazi si ya mkono tena. Ni ya kusoma ardhi: nyayo hizi ni za leo au za jana, mnyama amepunguza mwendo wapi, amelala wapi akainuka, damu hii yenye povu imetoka mapafuni au ni ya juujuu, na fisi wametangulia au bado.

Ndiyo maana nasema shabaha ndiyo inayoonekana sana na watu, lakini ndiyo sehemu inayokomaa mapema. Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa Wahadzabe wenyewe. Waliwashindanisha vijana katika kulenga shabaha na kuchimba mizizi, na wakawalinganisha waliokaa miaka kadhaa katika shule ya bweni na waliokulia porini tu. Waliotoka shule hawakuwa wabaya zaidi. Wapo wanaoyachukua matokeo hayo kusema kwamba uwindaji haudai miaka mingi ya kujifunza. Sikubaliani nao moja kwa moja. Jaribio la shabaha hupima shabaha. Kumpata mnyama, kumkaribia upepo ukiwa usoni mwako, na kumfuata baada ya kumchoma, hayo hayapimwi kwa kulenga kitu kilichotulia.

Takwimu za uwindaji wenyewe zinaelekea huko. Nguvu za mwanaume hufikia kilele miaka ya ishirini. Lakini uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya kumbukumbu takriban 23,000 za uwindaji kutoka kwa wawindaji zaidi ya 1,800 katika maeneo 40 duniani, ulionyesha kwamba kwa wastani mwindaji hupata mafanikio makubwa kati ya umri wa miaka 30 na 35, na baada ya hapo hubaki hodari kwa muda mrefu. Ile miaka inayopita kati ya kilele cha nguvu na kilele cha mafanikio ndiyo miaka ya kujua pori. Wapo wanaoporomoka mapema na wapo wanaodumu. Watafiti hao waliona kwamba wawindaji wa sehemu moja hutofautiana zaidi katika kasi ya kushuka kuliko ya kupanda.

Hata huyo hodari, siku zake nyingi hurudi mikono mitupu. Wahadzabe waliofuatiliwa miaka ya 1980 walikuwa wakiangusha mnyama mkubwa mara moja katika siku karibu 30 za kuwinda kwa kila mwanaume. Siku nyingine zote anarudi na asali, ndege, matunda, au habari za nyayo alizoziona. Mwanaume hutembea kilometa 11 hivi kwa siku, mara nyingi peke yake. Kiangazi kinapokolea na maji yakabaki mahali pachache, wanaume huenda usiku kuotea wanyama wanaokuja kunywa. Hapo hawaendi peke yao; simba naye anakuja kunywa. Ndege wa mlembe, anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, naye ana miluzi yake ya kuitwa na kujibiwa, na hiyo pia hujifunzwa.

Jamii huweka alama ya utu uzima kwa nyama. Sehemu fulani za mnyama mkubwa, kama figo, moyo, mapafu na ulimi, huitwa nyama ya epeme, na huliwa faraghani na wanaume waliokwisha kuingia katika daraja la epeme tu, yaani daraja la wanaume watu wazima. Mwanaume huingia kwa kawaida akiwa na miaka ya ishirini, au akiwahi kuangusha mnyama mkubwa. Wanawake, watoto na vijana hawapaswi hata kuona inavyoliwa.

Kwa sheria, uwindaji nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wanachoruhusiwa Wahadzabe kwa chakula chao si ruhusa ya mtu mwingine kuingia porini na mishale. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000, jambo lililosaidia kupunguza uvamizi wa mashamba na mifugo. Hata hivyo, mashamba ya vitunguu ya Mangola na mifugo inayofuata maji yameshabadilisha sehemu kubwa ya nchi yao.

Mabadiliko haya hayagusi hatua zote kwa usawa. Kwale na pimbi bado wapo jirani na kambi, kwa hiyo upinde mdogo bado una kazi. Utalii wa Mangola nao hulipa shabaha: mgeni hufika asubuhi, huona vijana wakilenga mti, hujaribu mwenyewe, hupiga picha, huondoka. Wanaopungua ni tandala, pofu na wenzao, wale ambao kwao kijana angejifunza kusubiri, kufuata na kusoma damu. Kijana wa leo anaweza kufika miaka 18 akiwa na upinde mkali, mishale mizuri na jicho lisilokosa, na bado hajawahi hata mara moja kufuatana na wakubwa wake nyuma ya mnyama mkubwa mpaka alipoangukia.