Protini za Nafaka na Kunde: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Sembe haitoi chapati laini kwa sababu mahindi hayana protini.

Ukweli: Punje ya mahindi ina protini takriban asilimia 8 hadi 11, kiasi kisichoachwa mbali na cha ngano. Kinachotofautiana ni umbo la protini hizo. Glutenini, moja ya protini kuu mbili za ngano, ni minyororo mirefu iliyoshikana kwa viungo vya salfa, nayo hurudi ikivutwa. Mwenzake gliadini amejikunja, hivyo hulilegeza donge likakubali kusukumwa. Ndiyo maana chapati iliyokandwa sasa hivi hujikunyata ukiisukuma, lakini ukiliacha donge lipumzike nusu saa, minyororo hulegea na kazi huwa nyepesi. Zeini, protini kuu ya mahindi, imefungwa ndani ya vidonge vidogo mno katika punje na sehemu kubwa yake hukataa maji, kwa hiyo haisukani kuwa mtandao kama zile za ngano hata ukande mpaka jioni. Kinachoushika ugali ni wanga uliovimba kwa maji ya moto. Tabia hiyohiyo ya kukataa maji ndiyo inayoifanya zeini ifae kufunika vidonge vya dawa na peremende.

Dhana: Gluteni ni kemikali ya kiwandani.

Ukweli: Baadhi ya viwanda huongeza gluteni katika unga hafifu wa mkate, lakini hata hiyo imetoka kwenye ngano. Gluteni ni mtandao wa glutenini na gliadini, na kwa kawaida huundwa mezani, maji yanapokutana na unga na mikono ikakanda. Chukua donge la chapati lisilo na mafuta, ulioshe polepole ndani ya bakuli: maji yatakuwa meupe kama tui, na mkononi kitabaki kipande cha kijivu kinachovutika kama ulimbo. Mtaalamu Beccari wa Bologna alichapisha maelezo ya jaribio la namna hii mwaka 1745. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni hudhuru utumbo wake, asidhani kwamba unga usiokandwa ni salama, kwani zinazomdhuru ni protini zenyewe.

Dhana: Wali unaonata una gluteni.

Ukweli: Hauna. Kinachounatisha ni wanga.

Dhana: Moto huharibu protini ya maharage, hivyo yasipikwe sana.

Ukweli: Moto hukunjua umbo, lakini asidi amino nyingi, yaani vijenzi vya protini, hubaki, na mnyororo uliokunjuka humeng'enywa kwa urahisi zaidi. Maharage yasiyopikwa yana lektini, protini ambayo umbo lake hunasa sukari zilizo juu ya seli za utumbo na kuleta kutapika na kuhara. Umbo hilo huvunjwa kwa kuchemsha kwa nguvu angalau dakika 10 baada ya kuyaloweka, si kwa moto mdogo usiofikisha mchemko.

Kwenye soya, kukunjuka huko ndiko mtengenezaji wa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, anakokutafuta, kwa sababu sehemu zilizojificha hutokeza, na chumvi ya kalsiamu ikitiwa hushikana zikaganda. Bajia za kunde zataka kinyume chake. Kunde huloweshwa, husagwa zikiwa hazijapikwa, kisha rojo hupigwa hadi liwe jepesi, maana protini zinazoyeyuka vizuri ndizo zinazotanda kuzunguka kila kiputo cha hewa. Ukisaga kunde zilizokwisha kuchemshwa, protini zake zimekwisha kugandamana, na bajia hutoka nzito.