Je, wajua? Pai (π), ile namba ya duara, imeingiaje kwenye e^(−x²) ilhali hakuna duara?

Chukua namba e, yaani 2.718 na ushei, uipandishe kwenye kipeo cha −x². x ikiwa 0 unapata 1. Ikiwa 1 unapata 0.368, ikifika 3 imebaki kama 0.0001. Grafu yake ina umbo la kengele, na mikia yake miwili inakwenda kushoto na kulia bila kikomo. Eneo lote lililo chini yake ni mzizi wa pili wa pai, takriban 1.772. Duara hulioni popote kwenye mchoro.

Kabla ya pai kuna dhana ya kuondoa, maana ndiyo inayowakwamisha wengi: kwamba integrali hii, yaani hesabu ya eneo hilo, "haina jibu". Ilianzia mahali pa kweli. Miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alijenga nadharia inayothibitisha kwamba hakuna fomula ya kawaida, ya vipeo, logi, sini na kosini, ambayo kiwango chake cha mabadiliko ni e^(−x²). Mwanafunzi hujaribu kugawanya kwa −2x, kiwango cha mabadiliko cha kipeo, kwa kuwa kugawanya hivyo kwa −2 kulifaa kwa e^(−2x). Akihakiki jibu lake anakuta kipande kimezidi, e^(−x²)/(2x²), na hakiondoki.

Lakini kukosa fomula si kukosa eneo. Eneo lipo pale pale kwenye karatasi ya grafu, na mwenye subira anaweza kuhesabu vijiraba. Kutoka −2 hadi 2 ni 1.764, kutoka −3 hadi 3 tayari ni 1.772. Wala haitoshi kusema kwamba grafu inashuka kuelekea 0. Hata 1/x inashuka, na bado eneo lake kuanzia 1 kwenda mbele halina ukomo. Kinachoiokoa e^(−x²) ni kasi: x ikishapita 1, iko chini ya e^(−x), na mkia wote wa hiyo kuanzia 1 una eneo la 0.368 tu.

Sasa pai. Liite eneo tunalolitafuta A. Badala ya kuhangaika na A, tafuta A × A. Zidisha e^(−x²) kwa e^(−y²): vipeo vinajumlishwa, unapata e^(−(x² + y²)), ambayo ni kilima kilichosimama juu ya sakafu, x ikipimwa upande mmoja na y upande mwingine. Ukikikata vipande, kila kipande kina eneo la A mara e^(−y²), kwa hiyo ujazo wake wote ni A × A. Na x² + y² ni mraba wa umbali kutoka katikati, r², kwa hiyo kilima ni cha mviringo kamili. Duara lilikuwa limejificha humo.

Kimenye kilima hicho kama kitunguu, ganda baada ya ganda. Ganda lililo umbali r lina mzingo wa 2πr na kimo cha e^(−r²). Likunjue, linakuwa ukanda mwembamba wa urefu huo na kimo hicho. Ile r ya mzingo ndiyo iliyokuwa ikikosekana: 2πr·e^(−r²) ina fomula, −π·e^(−r²), na jumla ya maganda yote inatoka π kamili. Basi A ni mzizi wa π.

Ujanja huu kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwanahisabati Mfaransa Poisson. Integrali yenyewe inaitwa ya Gauss, mwanahisabati Mjerumani, ingawa Gauss aliyeitumia mwaka 1809 alimtaja Mfaransa Laplace kuwa ndiye mgunduzi.

Usiutegemee kupita kiasi, hata hivyo. Ukitaka eneo la kutoka −2 hadi 2 tu, sakafu inakuwa mraba, maganda ya mviringo hayafiki kwenye kona zake, na unabaki kutegemea majedwali ya maeneo yaliyokwisha kuhesabiwa. Kwa e^(−x⁴) haufui dafu kabisa, kwani x⁴ + y⁴ haitoi mviringo. Mwaka 2005 mwanahisabati Robert Dawson alionyesha kwamba njia hii ya Poisson haiwezi kutatua kitu kingine zaidi ya ukoo huu huu wa e^(−x²).