Pesa za wafadhili zapita njia gani hadi zifike Mombasa

Jamani, tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, haipiti siku bila mtu kuja ofisini kwetu kaunti kuuliza pesa za wafadhili zimeenda wapi. Ni haki yenu kuuliza. Lakini majuzi Likoni mzee mmoja kanionyesha kwenye simu picha ya bango la mradi lenye bendera ya Japani, akaniambia, "Mwanangu, hawa walitupa bure, nyinyi mkala." Bure wapi, baba? Gati ya pili ya makontena pale Kipevu bandarini, iliyofunguliwa 2016, ni mkopo wa Japani. Reli ya SGR nayo ni mkopo wa Exim Bank ya China, kontrakta akawa wa China vilevile, malipo ya kazi yakaenda kwake na deni ndo twalipa sisi. Nimelisema hili kwenye mabaraza mpaka nimechoka, bado watu waita msaada!

Msaada hasa ni ruzuku, hairudishwi, kama ile ya Denmark ya dispensari. Na ruzuku ya kaunti haiji mkononi mwa gavana. Kwanza Bunge na Seneti wapitishe sheria ya mgao wa ziada, kaunti nayo iiweke kwenye bajeti yake, pesa ziingie Hazina ya Mapato ya Kaunti kule Benki Kuu, halafu Msimamizi wa Bajeti atoe kibali ndipo zitoke kwenda akaunti maalum ya mradi. Sheria ikikwama Nairobi pesa zakaa, hata kama mfadhili yuko tayari, na nesi yuasubiri tu. Afisa akizitumia kinyume, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 199, yasema jela isiyozidi miaka 5 au faini isiyozidi milioni 10, au vyote viwili.

Za ukimwi kutoka Marekani nyingi hazikupitia kaunti kabisa, zilienda moja kwa moja kwa mashirika yasiyo ya serikali, na mashirika ndo yaliyoandika wafanyikazi. Zilipokatwa, dirisha la dawa likabaki na mtu mmoja pahali pa watatu, na kwenye bajeti yetu hakuna mstari wa kuwalipa wale wawili. Hilo laniuma, na ndilo nataka mlishikilie.

Kwa hivyo mkija kwenye kikao cha bajeti njooni na jina la mradi na mwaka, muulize, ni mkopo au ruzuku? Iko ukurasa gani? Mfadhili akiondoka nani atalipa mshahara?