Kisigino na vidole: kupangua gia mguu ukiwa kwenye breki

Dereva anakaribia kona kali akiwa gia ya tatu, na anataka aingie akiwa na ya pili. Breki inamhitaji, klachi inamhitaji, mafuta nayo yanamhitaji, na miguu ni miwili tu. Hapo ndipo ufundi unaoitwa kisigino na vidole unapoanza. Mguu wa kushoto unashughulika na klachi. Wa kulia unakanyaga breki kwa sehemu yake ya mbele, kisha, bila kuilegeza, unagusa mafuta mara moja kwa ubavu au kwa kisigino. Injini inanguruma, gia ya chini inaingia, klachi inaachiwa, na abiria hata hajui kama kuna kilichofanyika.

Kinachowachanganya wengi ni kuongeza mafuta wakati unataka kupunguza mwendo. Jibu liko kwenye giaboksi. Kwa mwendo uleule wa tairi, gia ya chini inaidai injini mizunguko mingi zaidi. Chukua gari ambalo gia ya tatu ina uwiano wa 1.4 na ya pili 2.0, yaani injini inazunguka mara 1.4 au mara 2.0 kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi. Kama injini ilikuwa inazunguka mara 2,500 kwa dakika kwenye tatu, ukiweka pili kwa mwendo huohuo inatakiwa kufika karibu 3,570. Lakini wewe umekanyaga klachi na kuachia mafuta, kwa hiyo injini inashuka kuelekea sloo, yaani mzunguko wake wa chini usipokanyaga mafuta. Ukiachia klachi, lazima kitu kiivute ipande tena. Kitakachoivuta ni tairi, kupitia sahani ya klachi inayosuguliwa katikati.

Ndiyo maana kwenye daladala mnaitikia wote kwa vichwa dereva anapopangua gia kwa papara. Klachi inalika, lakini kuna baya zaidi ya hilo. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma likiwa kwenye kona ya changarawe, huku breki imekanyagwa na uzito wote umeelemea mbele, mvuto huo wa ghafla unaweza kuzifanya tairi za nyuma ziteleze na mkia wa gari ukataka kutangulia. Ule mguso wa mafuta unaipandisha injini kabla klachi haijashika, na mvuto unakosa sababu ya kutokea.

Watu huuchanganya ufundi huu na ule wa madereva wa malori ya zamani wa kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Ule ulikuwa wa lazima kwa sababu giaboksi zile hazikuwa na sinkronaiza, yaani pete zinazolinganisha mzunguko wa gia ndani ya boksi kabla hazijashikana. Magari ya leo yanazo, na klachi mara moja inatosha. Ila pete hizo hazigusi upande wa injini. Upande huo umeachiwa mguu wako. Tena gia hapa haikusaidii kusimama. Kinachopunguza mwendo ni breki, na gia inawekwa tayari kwa ajili ya kutoka kwenye kona.

Sasa twende kwenye pedeli, maana wengi hujaribu wiki nzima wakajiona wana miguu mibovu kumbe pedeli zao haziruhusu. Gari likiwa limetulia, pedeli ya breki huwa juu kuliko ya mafuta. Imewekwa hivyo makusudi, ili siku ya dharura mguu usizikanyage zote mbili. Kwa kazi yetu, kipimo cha maana ni pale breki inapokuwa imekanyagwa sawasawa. Washa injini, kwa sababu busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, bila injini haikupi picha ya kweli. Kanyaga breki kama unayesimama kwa nguvu barabarani, na mwenzako apige magoti mlangoni na rula aangalie. Breki ikiwa bado juu ya mafuta kwa unene wa kidole au pungufu, mko pazuri. Ikibaki juu sana, mguu hautafika. Ikizama chini ya pedeli ya mafuta, acha mazoezi kabisa, kwa sababu siku moja utakanyaga breki na gari likaongeza mwendo.

Gereji yoyote ya Moshi mazungumzo yatakwenda hivi:

"Fundi, nataka uninyanyulie hii pedeli ya mafuta kidogo."

"Mangi, hii breki yako inazama. Nikinyanyua leo, ukija kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kesho kipimo chote kimeharibika. Tuanze na breki."

Fundi akisema hivyo mshikilie, anajua kazi. Pedeli inayokwenda mbali ina sababu zake: upepo kwenye mabomba, au breki za nyuma za dramu ambazo kirekebishi chake kimeganda na viatu vya breki vimekaa mbali na dramu. Na usisahau mafuta ya breki yenyewe. Yananyonya unyevu taratibu, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta haya yana madaraja yanayoandikwa kwenye chupa. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa daraja la DOT 3 likiwa jipya ni nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishalowa ni 140. DOT 4 ni 230, yakilowa 155. Yakichemka yanatengeneza mvuke, mvuke unabanika, na pedeli inakwenda hadi sakafuni. Breki ikishakuwa ngumu na inashika palepale kila mara, ndipo una pa kupimia.

Kinachobaki ni upande wa mafuta, na njia ya heshima ni kibati cha kuongezea pedeli, kiwe kipana kidogo kuelekea breki au kishuke chini kidogo kukifuata kisigino. Kifungwe kwa bolti na nati za kujikaza, kisiwe cha kubana tu. Kabla hujawasha gari, kanyaga hadi mwisho na uachie mara kadhaa: pedeli irudi yenyewe, isikwame kwenye kapeti wala chini ya breki. Usikaze waya wa mafuta ili kuipandisha pedeli, injini haitarudi sloo. Usikubali kuipasha moto na kuipinda. Na ile rodi inayotoka kwenye pedeli ya breki kwenda kwenye busta usiiguse kwa kukisia. Ikikosa ule mchezo mdogo wa mwanzo, masta (pampu kuu ya breki) haifunguki vizuri, mafuta ya breki hayarudi, na breki zinaendelea kushika huku umeondoa mguu.

Land Cruiser za watalii zilizojaa Arusha ni mtihani wa aina yake. Pedeli zake zimeachana, na dizeli kubwa ina flaiwili nzito, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini, inayopanda taratibu, kwa hiyo mguso wa haraka haufanyi kitu. Unatakiwa kushikilia mafuta muda mrefu kidogo. Buti pana la porini nalo litakanyaga pedeli zote mbili bila kukuuliza. Vaa raba nyembamba. Kandambili sizizungumzii.

Mazoezi yaanze bila breki. Barabara tupu, kilomita 40 kwa saa, gia ya tatu. Kanyaga klachi, peleka gia pili huku ukigusa mafuta, achia klachi. Gari lisiposhtuka, umepata kipimo cha mguso. Likivutwa nyuma, ulitoa kidogo. Likirukia mbele, ulizidisha. Baada ya hapo ndipo uongeze breki. Hakikisha nguvu ya breki haibadiliki mguu unapojiviringisha kuelekea mafuta. Hili ndilo linalowashinda wengi, wanagusa mafuta na papo hapo wanaikandamiza breki zaidi. Uzito wa mguu ukae kwenye mfupa ulio chini ya kidole gumba, kifundo ndicho kijikunje. Kisigino chenyewe watu wengi hawakitumii kabisa, hasa wenye miguu mikubwa.

Je, dereva wa kawaida anauhitaji ufundi huu? Kwa maoni yangu, hapana. Hii ni kazi ya rali na ya viwanja vya mashindano. Hata kompyuta imeshajifunza: Nissan 370Z, iliyoanza kuuzwa kama modeli ya 2009, ililetwa na mfumo unaopandisha injini wenyewe unapopangua gia za mkono. Kinachomfaa kila mtu ni ile nusu ya kwanza, ya kulinganisha mizunguko bila breki.

Unapoteremka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, kona zikifuatana kati ya migomba, gia inachaguliwa juu, kabla mteremko haujakukamata. Gusa mafuta, weka tatu au pili, iache injini izuie gari, na breki uzitumie kwa vipindi. Wanaoteremka wakiwa wameweka frii, bila gia yoyote, eti wanaokoa mafuta wameziachia breki kazi yote, na gari lenye mfumo wa sindano za kupulizia mafuta kwenye injini linapoteremka na gia bila kukanyagwa mafuta kwa kawaida hukata mafuta lenyewe. Mwenye otomatiki avute mkono wa gia hadi 2 au L, yaani gia za chini.