Godauni la Kale Likigeuzwa Maduka na Makazi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa miongo iliyofuata kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro iliufanya mji huu kuwa mji wa magodauni. Mwenye jengo la aina hiyo akitaka leo kuweka fremu za biashara chini na nyumba za kupangisha juu, hupewa ushauri mwingi wenye nia njema ambao hata hivyo humharibia jengo, kwa sababu hulichukulia kana kwamba limejengwa juzi kwa matofali ya saruji na nondo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukuta wa zamani unaotoa unyevu hutibiwa kwa lipu nzito ya saruji. Ukweli ni kinyume chake. Kuta nyingi za mawe au matofali ya kuchoma ya wakati huo zilijengwa kwa udongo wa chokaa, ambao hupitisha unyevu polepole hadi ukauke hewani. Lipu ya saruji huuziba upande wa nje, maji yanayopanda kutoka ardhini yakakosa pa kutokea, chumvi iliyomo ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka vipandevipande pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Fundi huitwa tena, naye hupaka saruji nene zaidi. Tiba ya kweli huanzia mbali na ukuta: mifereji ya paa itengenezwe, udongo uliorundikana nje hadi kuzidi kimo cha sakafu uondolewe, ukuta uachwe ukauke kwa miezi, ndipo upigwe lipu ya chokaa. Ni kazi ya subira, na ninaisisitiza kwa kuwa kosa hili ni gumu sana kulirekebisha likishatendeka.

Wengine husema jengo kuukuu halina nguvu, hivyo ni nafuu kulibomoa. Hapa inafaa kupiga hesabu. Gunia la kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa, huwa na kilo 60. Magunia 10 yakipangwa mahali penye eneo la mita za mraba 0.6, sakafu hubeba takriban kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba, ilhali makazi ya kawaida hukadiriwa kwa kilo 150 hadi 200. Sakafu iliyokusudiwa mzigo huo, ikiwa haijaliwa na mchwa wala kuoza, haitashindwa na kitanda na kabati. Udhaifu wa magodauni uko kwingine: kuta ndefu zisizo na nondo, ambazo mara nyingi hushikiliwa na paa lenyewe. Mjenzi anayekata boriti ya chini ya kenchi, yaani fremu ya pembetatu inayobeba paa, ili apate nafasi ya kichwa katika vyumba vya juu huondoa kile kinachozuia paa kuzisukuma kuta nje. Nasi tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Julai 2007, lililotokea upande wa Ziwa Natron, lilisikika vizuri Arusha. Mhandisi akague maungio ya kuta na paa kabla ya chumba chochote kuchorwa.

Kuhusu sheria kuna dhana mbili zinazopingana, na zote si sahihi: kwamba jengo la Mjerumani haliguswi, na kwamba mwenye hati hufanya apendavyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Kulindwa nako si kufungiwa, maana Boma la Arusha, lililojengwa kama ngome ya Wajerumani, leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Hata hivyo, kugeuza ghala kuwa maduka na makazi ni kubadili matumizi, na hilo huhitaji idhini ya mamlaka ya mipango miji mbali na kibali cha ujenzi. Anayetaka kuuza nyumba mojamoja anaweza kufanya hivyo kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008.

Dhana ya mwisho ni kwamba ghorofa ya juu ikishapakwa rangi, watu wanaweza kuhamia. Wakazi wanahitaji ngazi yao isiyopita dukani, na dari inayozuia moto na moshi wa mgahawa wa chini usiwafikie usiku wakiwa wamelala. Vyumba vya katikati ya ghala pana havipati mwanga wa dirisha, hivyo mahali hapo pafae bafu, stoo au ua wa ndani. Tena pauliziwe palihifadhiwa nini zamani, kwa sababu katika maeneo ya kahawa maghala yaliweka pia mrututu, ile chumvi ya shaba ya kuzuia ukungu wa mimea, na dawa za kuulia wadudu, na sakafu iliyofyonza kemikali hizo hupimwa maabara kabla mtoto hajatambaa juu yake.