Si chuma cha zamani kinachosimamisha Daraja la Chuma

Wiki hii nimetumiwa tena picha ileile: Daraja la Chuma la mto Severn, Uingereza, na chini yake maneno "limesimama tangu 1779, chuma cha zamani ndicho chuma." Nakagua madaraja ya upinde, na kauli hii imenichosha. Inawanyima waliolibuni sifa yao na kuipa malighafi.

Chuma kile ni cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ukikigandamiza kinabeba mzigo mkubwa. Ukikivuta kinakatika ghafla, hakipindi kwanza ili kukuonya. Chuma cha pua cha leo kinakiacha mbali sana. Mwaka 1847, huko Chester, daraja la reli la mto Dee lilivunjika treni ikiwa juu yake, watu 5 wakafa. Boriti zake zilikuwa za chuma cha kusubu, na boriti iliyolazwa huvutwa upande wa chini.

Thomas Pritchard, msanifu aliyefariki Desemba 1777 kabla mbavu, yaani matao ya chuma yanayobeba daraja, hazijainuliwa, alichora upinde, na humo ndimo ulimo uhai wa daraja lile. Upinde hupeleka mzigo kingoni kwa kusukuma. Ukiubuni vizuri, chuma hakipati nafasi ya kuvutwa sana. Abraham Darby wa Tatu, mwenye kiwanda cha chuma cha Coalbrookdale, akasubu vipande karibu 1,700, jumla ya takriban tani 378, kwa upinde unaovuka mita 30 hivi toka ukingo hadi ukingo.

Halafu viungo. Nimesoma mara nyingi kwamba walitumia viungo vya seremala, ulimi na tundu, mkia wa njiwa na kabari, kwa kuwa hawakujua chuma. Hilo linaniudhi kuliko yote. Kulehemu hakukuwapo, na nusu-ubavu mmoja una urefu wa karibu mita 21 na uzito unaozidi tani 5. Ukiwa umening'iniza kitu kama hicho juu ya mto, unataka kiungo kinachoingia mahali pake na kukazwa kwa kabari palepale. Mwaka 1997 ilionekana huko Stockholm picha ya rangi ya maji ya Elias Martin iliyoonyesha daraja likijengwa, na mwaka 2001 watu wakajenga mfano wa nusu ya ukubwa kuifuata. Mbinu ikafanya kazi.

Viungo hivyohivyo ndivyo vinavyoninyima raha mezani. Nikikokotoa upinde wa namna hii, lazima nichague: kiungo kimekaza kabisa, au kinacheza kidogo? Kila chaguo linanipa nguvu tofauti ndani ya ubavu, na ukweli uko mahali fulani katikati, tena hubadilika kabari moja inapolegea. Basi nahesabu kwa namna zote mbili, nachukua jibu baya zaidi, kisha naenda kutazama nyufa. Nyufa naziamini kuliko namba zangu.

Sasa ardhi. Kila mtu anajua upinde husukuma kingo nje. Pale Severn kumetokea kinyume: miteremko ya bonde inateleza kuelekea mtoni, inasukuma kuta za kuegemea ndani, upinde unabanwa na kilele chake kinapanda. Ukuta mzito wa mawe wa upande wa kusini ulibomolewa mwaka 1802, pakawekwa matao ya mbao, na baadaye ya chuma, ili kupunguza uzito. Miaka ya 1970 ikabidi kujenga upinde wa zege uliopinduliwa chini ya mto, uzishike kingo mbili zisikaribiane. Kwa hiyo daraja hili bado limesimama kwa sababu ya matengenezo, na tangu 1934 magari hayapiti. Anayelilinganisha na daraja la barabara kuu lenye malori asisahau hilo.

Mafuriko ya 1795 yaliharibu madaraja mengi ya Severn. Hili lilipona kwa kuwa halina nguzo majini na maji hupenya kati ya mbavu. Mwaka uliofuata mhandisi Thomas Telford akamaliza daraja la Buildwas, kilomita chache juu ya mto: upinde wake ulivuka umbali mkubwa zaidi, mita 40 hivi, kwa chini ya nusu ya chuma kile. Vipande vyake vilisubiwa na kiwanda kilekile cha Coalbrookdale. Kingo zake nazo zikasogea, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaondolewa, likajengwa jingine mahali pake.