Ile picha ya mlima yenye namba 45/500 sio mchoro wa mkono

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti picha za mandhari za mchoraji fulani zenye sahihi na namba ni kazi halisi ya mkono, namba ndogo ndo yenye thamani zaidi na pesa yote inaenda kwa yatima. Naomba tuelewane taratibu.

45/500 maana yake hii ni nakala ya 45 kati ya 500, na nyingi ya hizi zimetoka kwenye mashine, mchoraji kaweka sahihi tu kwa penseli. Hakuna ubaya, wachoraji wengi wanaishi kwa hizo na ni njia nzuri ya mtu wa kawaida kupata picha ya Kilimanjaro ukutani, ila ni nakala. Kucheki ni rahisi, chukua lenzi au kuza kwa kamera ya simu uangalie anga, ukiona vidoti vidogo vya rangi hiyo imechapwa, rangi ya brashi haina vidoti.

Namba ndogo inachanganya watu kwa sababu zamani picha zilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, bamba linalika kadri unavyochapa kwahiyo za mwanzo zilitoka safi kweli. Mashine ya sasa, ya kwanza na ya 500 ni sawasawa.

Kuhusu yatima, uliza shilingi ngapi kwa kila picha na kituo gani, halafu wapigie kituo wenyewe. Kama meseji haina hayo tafadhali usiifowadi.